Padri Pedro Páez na Sabato ya Uhabeshi

Mafungu ya kusoma kwa ajili ya somo hili: Matendo 8:26–39, Isaya 56:1–7, Danieli 6, Luka 9:51–56, Zekaria 4:6.

Katika Pambano Kuu, Dada White anaitaja Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo, kuwa nchi ambamo Sabato ya siku ya saba ilidumu kutunzwa katika zile karne za giza. Anaeleza pia kwamba hatimaye Roma ilifika huko, mfalme akaikubali mamlaka ya Papa, na ikatolewa amri ya kukataza Sabato. Wengi wetu tumesoma aya hizo na kupita. Majina hayakutajwa pale, na pengine ndiyo sababu tunawawazia watu wale kuwa wakali tu, wenye mijeledi mkononi. Mambo hayakuanza hivyo. Aliyemvuta mfalme wa Uhabeshi hadi Roma alikuwa Mhispania mpole, msomi, mvumilivu, fundi wa mikono, aliyependwa na watoto na wafalme vilevile. Jina lake Pedro Páez. Nawaomba wanadarasa tumtazame kwa haki, maana asipotazamwa kwa haki hatutajifunza lolote kwake.

Kwanza tujue alikuta nini. Kanisa la Uhabeshi lilikuwa la kale kuliko makanisa mengi ya Ulaya. Tangu karne ya nne wafalme wa Aksum walikuwa Wakristo. Walitunza siku ya saba, na walitunza Jumapili pia. Tusijidanganye kwamba walikuwa Waadventista waliotutangulia: walikuwa na watakatifu wao, sanamu za kuchorwa, mifungo mirefu na watawa. Lakini Sabato waliijua, na baadhi yao waliipigania ndani ya kanisa lao wenyewe. Katika karne ya 14 mtawa Ewostatewos aliwafundisha wafuasi wake kwamba Sabato ya siku ya saba ni lazima itunzwe. Wakuu wa kanisa walimpinga, akaondoka nchini, akafia mbali huko Armenia mnamo mwaka 1352. Wafuasi wake walinyimwa daraja za kanisa na kufukuzwa, wakajenga makao yao milimani na kuendelea. Takriban miaka 100 baadaye, mnamo 1450, mfalme Zara Yaqob aliitisha mkutano mkuu wa kanisa kule Debre Mitmaq, na Sabato ikathibitishwa kwa nchi nzima. Na mapadri kutoka Ulaya walipoanza kuwasuta Wahabeshi kwamba wanafuata Uyahudi, mfalme Galawdewos aliandika mnamo 1555 ungamo la imani akieleza kwa adabu kwamba wanaitunza siku hiyo kama Wakristo, si kama Wayahudi. Hiyo ndiyo nchi.

Páez alizaliwa mwaka 1564 katika kijiji kidogo karibu na Madrid. Akiwa na miaka 18 alijiunga na Wajesuiti, shirika la mapadri lililoanzishwa ili kuitetea na kuieneza imani ya Roma baada ya Matengenezo. Tangu mwaka 1580 Hispania na Ureno zilikuwa chini ya mfalme mmoja, kwa hiyo Mhispania angeweza kutumwa kwenye misheni ya Wareno bila shida. Mwaka 1588 akasafiri hadi Goa, Bara Hindi. Goa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Wareno kwa mashariki yote. Hata Fort Jesus ya Mombasa, ambayo ujenzi wake ulianza 1593, ilisimamiwa kutoka huko. Kwa hiyo watu wa pwani yetu na watu wa milima ya Uhabeshi waliwajua Wareno katika kizazi kilekile, ingawa kwa sura tofauti. Wahabeshi walikuwa na sababu ya kuwashukuru: mwaka 1541 askari 400 wa Kireno chini ya Cristóvão da Gama waliwasaidia dhidi ya majeshi ya Ahmad Gragn yaliyokuwa karibu kulimaliza taifa la Kikristo. Wengi wa askari hao walikufa. Waliobaki walioa huko, wakazaa, na watoto wao wakahitaji mapadri.

Basi mwaka 1589 Páez na mwenzake mzee, Antonio de Monserrate, walitumwa kwenda kuwahudumia. Safari hiyo haikufika. Mwanzoni mwa 1590, karibu na pwani ya Dhofar, chombo chao kilikamatwa, na mapadri wawili wakawa mateka. Walipelekwa kwa miguu na kwa ngamia kupitia Hadhramaut na jangwa lake hadi Sana'a, Yemen. Walikaa humo miaka mingi wakiwa kifungoni, kisha wakapelekwa Mokha na kufungwa kwenye merikebu ya makasia, kuvuta makasia pamoja na watumwa wengine. Ilikuwa 1596 ndipo fidia ilipolipwa na wakarudi Goa. Karibu miaka saba ilikuwa imekwisha.

Ni huko Hadhramaut alikopewa kikombe cha kinywaji cheusi cha moto kilichoitwa qahwa, naye akaandika habari zake. Ni miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kabisa kuonja kahawa na kuandika juu yake. Natabasamu kila nikifika hapa, kwa sababu sisi watu wa Tarime tunailima kahawa kwenye vilima vyetu, tunawasomeshea watoto, na Sabato tunafundishana tusiinywe.

Lakini lililo kubwa ni jinsi alivyoitumia ile miaka. Hakukaa akihesabu siku. Alijifunza Kiarabu, akakijua kukisoma na kukizungumza, akajifunza namna ya watu wa upande ule wa Bahari ya Shamu wanavyosalimiana, wanavyokula, wanavyonyamaza. Mtu aliyetoka kwenye minyororo angeweza kuomba arudishwe kwao Hispania, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliomba atumwe tena kulekule Uhabeshi. Waturuki walikuwa wameishika bandari ya Massawa, na padri wa Kizungu angeuawa pale. Kwa hiyo alivaa nguo za mfanyabiashara wa Kiarmenia, akajiita Abdullah, akapita kwa Kiarabu chake cha gerezani. Mwezi wa Mei 1603 aliingia Fremona, kituo kidogo cha Wajesuiti karibu na Adwa. Yatosha tukumbuke kwamba wamisionari wetu wa kwanza walifika Upare mwaka 1903, miaka 300 kamili baadaye.

Swali la darasa: Soma Mwanzo 39:20–23. Kuna tofauti gani kati ya kuvumilia kifungo na kukitumia? Je, mtu aweza kuwa na uvumilivu wa Yusufu na bado akawa anakosea katika ujumbe anaoupeleka?

Fremona ilikuwa mahali pa huzuni. Kabla yake alikuwako Mhispania mwingine, Askofu Andrés de Oviedo, aliyefika mwaka 1557. Oviedo alibishana na mfalme Galawdewos hadharani, akaandika dhidi ya kanisa la nchi, akawakataza watu wake kumtii mfalme katika mambo ya dini. Alichokipata ni kufukuzwa kwenye makao ya mfalme, na akafa mwaka 1577 hapo Fremona akiwa maskini wa kutupwa. Páez aliyajua hayo yote. Akaamua kufanya kinyume.

Alijifunza Kiamhari cha watu na Kigeez cha vitabu vya kanisa. Alikaa na watoto. Alitafsiri katekisimu, akaifanya iwe maswali na majibu mafupi, akawafundisha wavulana mpaka wakaijua kwa moyo. Mwaka 1604 mfalme Za Dengel aliyesikia habari zake alipomwita, hakuja na vitabu vikubwa. Alikuja na wavulana wawili. Mfalme na wakuu wake walikaa wakawasikiliza watoto wakijibu maswali ya imani mmoja baada ya mwingine, bila kusita. Wazee wa baraza walishangaa. Naandika haya nikiwa mtu ambaye kazi yangu ni elimu kanisani, na nakiri kwamba sijawahi kusoma habari ya darasa la watoto lililokuwa na nguvu kuliko lile. Ni makanisa mangapi kwetu ambayo darasa la watoto hupewa mwalimu aliyekosa kazi nyingine, nyuma ya jengo, chini ya mti?

Za Dengel alivutwa haraka kuliko Páez alivyotaka. Alianza kuandika barua kwa Papa na kwa mfalme wa Hispania, na akatangaza kwamba watu wasiitunze tena Sabato ya siku ya saba. Páez alimsihi aende polepole, asitangaze jambo kabla watu hawajaandaliwa. Hapa yafaa tusimame kidogo. Hakumwambia mfalme kwamba hana haki ya kuwaamuru watu juu ya siku ya Mungu. Alimwambia tu kwamba wakati haujafika. Kisha akarudi Fremona. Abuna Petros, mkuu wa kanisa la nchi, aliwafungulia watu kiapo chao cha utii kwa mfalme, wakuu wa jeshi wakaasi, na mwezi wa Oktoba 1604 Za Dengel akauawa vitani. Alikuwa ametawala muda mfupi sana.

Miaka mitatu ya vurugu ilifuata. Mwaka 1607 mshindi alikuwa Susenyos, ambaye utotoni alitekwa na kulelewa kati ya Waoromo, mtu wa vita, mwerevu, aliyejua kwamba kiti chake kinatikisika. Alihitaji marafiki wenye bunduki, na Hispania na Ureno zilikuwa nazo. Wanahistoria wengine husema hiyo ndiyo sababu pekee ya yeye kuwakaribisha Wajesuiti. Mimi siamini kwamba ni pekee. Bunduki alizozitarajia hazikuja kamwe, naye akaendelea kushikamana na imani hiyo hata ilipomgharimu ufalme. Alimpenda Páez kweli. Alimpa ardhi Gorgora, kwenye rasi nzuri upande wa kaskazini wa Ziwa Tana.

Hapo ndipo padri akawa fundi. Wahabeshi wa siku hizo walijenga zaidi kwa miti, udongo na mawe yasiyochongwa. Mfalme mwenyewe aliishi sana katika mahema. Páez alitengeneza nyundo na patasi, akawafundisha vijana kuchonga mawe na kuunganisha mbao, akamjengea mfalme jumba la mawe lenye ghorofa. Watu walitoka mbali kuja kulitazama, kwa kuwa hawakuwa wameona nyumba iliyopandwa juu ya nyumba. Baadaye akaanza kanisa la mawe hapo Gorgora. Mhubiri aliyeshika patasi husikilizwa.

Tarehe 21 Aprili 1618, akisafiri na mfalme na jeshi lake katika Gojjam, Páez alipelekwa mahali paitwapo Gish, penye chemchemi ndogo katika majani mabichi. Ndipo unapoanzia mto Abay, ambao wageni huuita Naili ya Buluu. Alikuwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika hapo na kuandika alichokiona. Mskoti James Bruce alifika mwaka 1770, miaka 152 baadaye, akajisifu kuwa yeye ndiye wa kwanza, na akamkana Páez; leo watu wote wanajua nani alitangulia. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakichota maji hapo tangu zamani na hawakumngoja yeyote awagundulie. Na sisi tusijione tuko mbali na chemchemi ile. Mvua inyeshayo Tarime hushuka katika mito Mori na Mara, ikaingia Ziwa Victoria, ikatokea Jinja, na kule Khartoum ikakutana na maji ya Gish.

Sasa tufike kwenye Sabato.

Páez alipokuwa akifundisha, hakuficha kwamba anaiona Sabato ya siku ya saba kuwa mabaki ya Uyahudi, sawa na tohara. Msomaji wa Tarime ajue kwamba Wahabeshi wote, Wakristo kwa karne nyingi, waliwatahiri watoto wao. Hoja zake zilikuwa zilezile tunazozisikia hata leo mitaani: kwamba siku ilibadilishwa na Kanisa, kwamba Kanisa lina mamlaka hayo. Alijadiliana na watawa mbele ya mfalme mara nyingi, na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kunukuu vitabu vyao vya Kigeez kuliko wao wenyewe, mara nyingi alionekana ameshinda. Ndugu wa mfalme, Ras Se'ela Krestos, aliingia katika imani ya Roma mwaka 1612, naye hakuwa na ule upole wa mwalimu wake hata kidogo. Alikuwa mtawala wa Gojjam na alikuwa na jeshi.

Mwaka 1617 ndipo damu ilipoanza kumwagika. Abuna Simon, aliyekuwa mkuu wa kanisa wakati huo, aliwatenga na kanisa wote waliofuata mafundisho ya Wajesuiti. Yolyos, mkwe wa mfalme, akachukua silaha kuilinda imani ya baba zake. Susenyos aliwashinda, na wote wawili, mkwe na Abuna, wakauawa. Mfalme alipoona ameshinda, alikwenda hatua ya pili: mnamo 1620 alitoa amri kwamba Sabato ya siku ya saba isitunzwe tena. Watu walitakiwa walime na kupanda siku hiyo kama siku nyingine. Mwenye kukataa alitozwa faini, na akirudia alinyang'anywa mali.

Tafakari amri hiyo ilimaanisha nini kwa mkulima wa Begemder. Hakuulizwa anaamini nini. Aliambiwa atoe ng'ombe wake zizini, awafunge nira, aende shambani, ili jirani amwone. Jembe likawa ungamo la imani. Wako kati yetu ambao mtihani wao ulipangwa Jumamosi, au ambao mwajiri aliwaambia waje kazini siku hiyo au wasirudi tena. Hao wataelewa upesi kuliko wengine. Yona'el, gavana wa Begemder, aliasi pamoja na watu wake. Huko Damot watu walisimama wakiwa na watawa wao mbele, na Se'ela Krestos akawapiga. Watawa wengi walikufa siku hiyo.

Je, Páez aliitaka amri ile? Kadiri tunavyoweza kuona katika mwenendo wake wote, alipendelea njia ya polepole, na mara nyingi alizuia haraka ya mfalme. Ila hakusimama mbele ya Susenyos kumwambia aiondoe. Alikuwa karibu na sikio la mfalme kuliko mtu mwingine yeyote katika ufalme, na sikio hilo lilikuwa limezoea kumsikia. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Mtu aweza kuwa mpole maisha yake yote, asimpige hata mtoto, na bado akaifurahia sheria inayowapiga wengine kwa niaba yake. Nasi ambao katika vijiji vingine vya wilaya hii ni wengi kuliko wengine, ambako mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kijiji huketi benchi moja Sabato asubuhi, tulisome jambo hili tukiwa tumejinyamazia kwanza.

Swali la darasa: Linganisha Danieli 6 na Luka 9:51–56. Katika habari ya kwanza watu wa Mungu wanaonewa kwa sheria. Katika ya pili wanafunzi wanatamani nguvu ya kuwaangamiza wengine. Ni wapi kati ya hizo mbili kanisa lako la mahali liko katika hatari zaidi?

Mwezi wa Machi 1622 Susenyos alifanya alilolingoja kwa miaka. Aliungama dhambi zake kwa Páez, akawaacha wake zake wote isipokuwa wa kwanza, na kujitangaza waziwazi kuwa wa imani ya Roma. Lile la wake halikuwa jambo dogo kwa mfalme wa nchi ile, na si jambo dogo katika mkoa huu pia. Wachungaji wetu wanajua ni machozi kiasi gani humwagika mwanamume mwenye wake watatu anapoomba ubatizo. Lazima tukubali kwamba hapo mwalimu alimdai mwanafunzi wake jambo zito, na mwanafunzi akalitoa. Páez alirudi Gorgora akiwa na furaha na akiwa amechoka. Homa ikamshika. Mwezi wa Mei mwaka uleule akafa, mwenye umri wa miaka 58, akazikwa hapo kando ya ziwa. Mfalme alimlilia kama mtu aliyefiwa na baba.

Katika mwaka wake wa mwisho alikuwa amemaliza kitabu kikubwa cha historia ya Ethiopia, alichokiandika kwa Kireno. Ndani yake kuna wafalme, mito, wanyama, desturi za kanisa, na hoja zake dhidi ya Sabato na tohara. Wengine walichota humo wakapata sifa. Chenyewe hakikuchapishwa hadi miaka ya 1905 na 1906.

Aliyekuja baada yake alikuwa Patriaki Afonso Mendes, Mreno, aliyefika 1625. Mendes alikuwa msomi pia, lakini hakuwa na subira, na hakuona haja ya kuwa nayo, kwa kuwa mfalme alikwisha kushikwa. Mwezi wa Februari 1626, mbele ya baraza kubwa, Susenyos alipiga magoti akaapa utii kwa Papa. Baada ya hapo yakaja yote kwa mkupuo: mapadri wa nchi wawekewe mikono upya, watu wabatizwe upya, makanisa yawekwe wakfu upya, kalenda ibadilishwe, tohara ikome, na Sabato, kwa mara nyingine, ikome. Mwili wa mtawa mmoja mkuu aliyeheshimiwa, uliozikwa ndani ya kanisa, ulifukuliwa na kutupwa nje. Hilo watu hawakulisahau.

Miongoni mwa waliokataa alikuwako mwanamke wa ukoo mkubwa, Walatta Petros, aliyezaliwa 1592. Mumewe alikuwa mshauri wa Susenyos na alishiriki katika vita ile aliyouawa Abuna Simon. Yeye alipojua hayo aliondoka nyumbani, akavaa nguo za utawa, akazunguka akiwahimiza watu wasiifuate imani ya mfalme. Aliitwa barazani mbele ya mfalme na wakuu, akakataa kubadili. Walimpeleka uhamishoni kwenye nchi ya joto karibu na mpaka wa Sudani. Alirudi, na jamii za watu waliomfuata zikakaa kwenye visiwa na kingo za Ziwa Tana, ziwa lilelile ambalo Páez alijenga kando yake. Kitabu cha maisha yake kiliandikwa mwaka 1672, na Wahabeshi wanakisoma hadi leo.

Vita haikwisha. Kila mwaka mkoa mwingine uliasi. Mwezi wa Juni 1632 wakulima wa Lasta walishuka kutoka milimani kwao, na jeshi la mfalme likawakuta na kuwashinda. Inasemekana watu wapatao 8,000 walilala chini siku hiyo. Susenyos alipita katika uwanja ule pamoja na mwanawe Fasilides, na waliolala pale hawakuwa Waturuki wala Waislamu wala wageni wa namna yoyote. Walikuwa raia zake, Wakristo, wenye majembe kuliko mikuki. Mfalme alirudi nyumbani bila furaha ya ushindi. Siku chache baadaye alitangaza kwamba kila mtu na afuate imani aitakayo, akairudisha ibada ya zamani, akamwachia Fasilides kiti. Mwenyewe hakuiacha imani aliyofundishwa na Páez. Alikufa nayo mwezi wa Septemba mwaka huohuo.

Wanadarasa wengi wangependa habari iishie hapo, na ni kweli kwamba Sabato ilirudi pamoja na nyimbo na watu kucheza barabarani. Lakini Fasilides naye alikuwa na upanga. Aliwafukuza Wajesuiti nchini, waliojificha waliwindwa na kuuawa, vitabu vyao vikachomwa moto, na amu yake Se'ela Krestos akapelekwa uhamishoni na mwisho akanyongwa. Wahabeshi wa kawaida walioipokea imani ya Roma kwa moyo, ambao walikuwako, walipewa hiari ileile waliyopewa wakulima wa Begemder mwaka 1620. Nchi ikafungiwa Wazungu kwa muda mrefu. Mwaka 1636 Fasilides aliuanzisha mji wa Gondar kuwa makao yake, akajenga ngome za mawe zinazosimama mpaka sasa, na wataalamu wanaona ndani yake mkono wa ufundi ulioanza kufundishwa Gorgora.

Kanisa la Gorgora lenyewe ni magofu leo. Sehemu ya kuta zake na nakshi za mawe zilibaki zikitazama ziwa, nyingine zimeanguka. Wenyeji wa kando yake, wengi wao wa Kanisa la Orthodox, bado wanaitunza siku ya saba pamoja na Jumapili, na Jumamosi ng'ombe wao wa kulimia hukaa zizini.